Uzio wa majani ya dawa: kyewamala umeoza, mujaaja umekuwa mweusi, na kayukiyuki majirani wanaugombania

UzioBusia:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina kiwanja Busia upande wa Uganda. Mpaka wa barabarani ni mita 30, na badala ya seng'enge nataka kuzungushia vichaka vyenye harufu ambavyo majani yake yanafaa nyumbani kwa chai na kujifukiza. Nimeanza na mimea mitatu, nayaita kwa majina ya Kiganda, kila mmoja na kesi yake.

Kyewamala (Tetradenia riparia): nilikata vijiti 40 vya urefu wa kalamu mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila siku, nikavichomeka siku ileile kwenye kavera (mifuko ya plastiki) zenye udongo mweusi na samadi. Wiki ya tatu 31 vilikuwa vimelainika upande wa chini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na vinanuka.

Mujaaja (wa jamii ya mrehani): umeota vizuri, umenifika kifuani. Nilivuna nusu gunia, nikaanika juani juu ya turubai, jioni nikarudisha kwenye gunia ili umande usiyapate, asubuhi nikaanika tena. Siku ya tatu majani yalikuwa meusi na yananuka nyasi kavu. Ile harufu ya karafuu imekwenda.

Kayukiyuki: umejiotea pembeni mwa mpaka. Jirani wa kushoto anasema ni dawa ya kikohozi, nisiuguse. Wa kulia ana ng'ombe na anataka niung'oe jana. Nani mkweli?

Naombeni hatua kwa hatua, siyo "jaribu tena". Na lile la mbu: ni kweli ukipanda vichaka hivi chini ya dirisha hawaingii?

Kitalu_Jinja:
Nachukua kyewamala, wengine watajibu yaliyobaki.

Shina la kyewamala lina maji mengi, ukilikunja linakatika kwa mlio na mkono unabaki umelowa. Kijiti cha aina hiyo hakifi kwa kiu. Kinachokiua ni kidonda kibichi kuzikwa kwenye udongo unaoshika maji, tena wenye samadi. Ukungu unaingilia kwenye mkato na kupanda juu, ndiyo maana vyako vimeanzia kuoza chini. Vile 9 vilivyopona nadhani vilikuwa kwenye kavera zilizokaa pembeni au zilizopasuka, maji yakapata pa kutokea. Kaangalie.

Safari ijayo fanya hivi. Chagua tawi lililoanza kugeuka kahawia, si ile ncha ya kijani. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, unene wa kidole cha mwisho, kila kimoja kikiwa na vifundo vinne au vitano, na mkato wa chini upite chini kidogo ya kifundo. Kisu kipitishe kwenye moto kwanza. Majani yote yatoke ila mawili ya juu, na hayo uyakate nusu. Kisha laza vijiti kivulini juu ya gazeti siku 2 au 3 mpaka mkato ufanye kigaga kikavu. Watu huruka hatua hii kwa kuona huruma, wakidhani kijiti kinakufa. Hakifi.

Udongo: mchanga wa mto mafungu mawili, udongo wa shamba fungu moja, samadi usitie hata kijiko mpaka mizizi itoke. Kavera iwe na matundu 6 au 8 chini. Mwagilia siku ya kuchomeka, halafu uache. Maji mengine ni pale utakapozamisha kidole hadi pingili ya pili na kikatoka kikavu. Mvua ikiwa kubwa, weka kavera chini ya kibanda. Wiki 3 hadi 4 ukivuta kidogo utasikia kijiti kinashikilia, hapo mizizi ipo.

Majira mazuri kwenu ni katikati ya mwezi wa pili, ili mvua za mwezi wa tatu zikute mche una mizizi, au mwezi wa saba kwa mvua za pili. Wakati huo wa kiangazi kyewamala unapukutisha majani na kutoa maua kwenye matawi matupu. Hilo lisikutishe, kata sehemu iliyo chini ya maua.

Ila kwa uzio hapo ndipo kuna kasoro. Mmea unaovua nguo kiangazi, na uko barabarani, utawafanya wapita njia waone sufuria zako mpaka ndani. Usiuache peke yake. Upande wa barabara panda kamunye, na sisemi ile teksi ya kubeba abiria 14. Kamunye wa kichaka, Hoslundia opposita, unafika mita 2 hadi 3, majani yanadumu zaidi, ukiyasugua yana harufu, na matunda yake ya rangi ya chungwa watoto huyala. Weka sentimita 75 kati ya mche na mche: kwa mita 30 ni mashimo 41 ukihesabu la mwanzo. Ndani yake, mita moja nyuma, pokezanisha mujaaja na kyewamala kila mita moja. Vyote hivi mbuzi anapita katikati bila kuomba ruhusa, kwa hiyo pitisha nyaya mbili kwenye nguzo kabla kamunye hajajaza.

Kupogoa ni kwa mkasi. Panga hupasua shina la kyewamala, na mpasuko huo ni mlango uleule wa ukungu.

KaukaPole:
Mujaaja wako gunia limeua mwanzo, jua likamalizia.

Chukua jani bichi, geuza upande wa chini, sogeza kamera ya simu karibu kabisa. Utaona vitone vidogo sana vinavyong'aa. Hivyo ndivyo vifuko vya mafuta, na harufu yote imo humo. Ukishindilia majani kwenye gunia, vifuko vinapasuka, maji ya jani yanakutana na hewa, na yanageuka rangi kama tooke (ndizi ya kupika) uliyomenya ukaiacha nje ya maji. Usiku kucha gunia linapata joto, asubuhi kazi imeshaharibika. Ulipoyarudisha juani, mafuta yaliyobaki yakapaa.

Kuvuna: subiri siku mbili bila mvua. Anza saa 3 asubuhi umande ukishakauka, saa 5 uwe umemaliza. Kata pale vitumba vya maua vinapoanza kuonekana, sentimita 20 za juu tu, ukiacha angalau jozi mbili za majani chini ili pachipue tena. Beba kwenye kikapu kipana, usibane. Kwa kuwa upo barabarani, vumbi litakuwepo: mwagie kichaka chenyewe jerikani moja la maji jioni ya kuamkia siku ya kuvuna, usioshe majani baada ya kukata. Na uvune upande wa ndani ya uzio, ule wa nje waachie moshi wa malori.

Kuanika: kivulini, hewa ikipita juu na chini. Fremu ya mbao ya mita 1 kwa 2, katikati wavu wa dirisha au mkeka wa mafunjo, iinuliwe futi tatu kutoka chini. Chandarua kikuukuu cha mbu USITUMIE, vile vinavyogawiwa vimewekwa dawa ya kuua wadudu na utainywa kwenye chai. Kilo moja ya majani mabichi kwa mita moja ya mraba, isizidi, jani lisilalie jani. Geuza kwa kuinua, usiparuze. Kiangazi ni siku 4 hadi 6. Mvua ikiwepo peleka kwenye chumba chenye bati juu, lakini joto lisivuke nyuzi 40. Kipimo rahisi: ukifungua mlango ukakutwa na karafuu puani, joto limezidi, maana ile harufu unayoifurahia chumbani imeshatoka kwenye jani.

Limekauka lini? Jani linavunjika kwa mlio na kikonyo kinakatika badala ya kukunjika. Kisha weka konzi moja kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iache usiku mmoja na mchana mmoja. Kioo kikipata ukungu wa maji kwa ndani, rudisha yote kwenye fremu. Kilo 5 mbichi zinakupa takriban kilo 1 kavu. Ukipata zaidi ya hapo usishangilie, ni maji.

Hifadhi majani mazima, usiyasage mpaka siku ya kutumia. Mfuko wa karatasi ya kaki ndani ya kopo lenye kifuniko, tarehe juu. Miezi 6 ni mazuri, mwaka ukipita mwaga shambani.

Kyewamala ni msumbufu zaidi kukausha kwa sababu jani lake ni nene na lina utomvu unaonata, yakilaliana yanagandana. Ongeza siku mbili. Wakulima wa Rwanda, ambao wanauita umuravumba, huchanganya majani makavu na maharage ghalani kupunguza wadudu, kwa hiyo hata yaliyopoteza sura yana kazi.

Jambo moja la pembeni: ukija kuuza, andika kwenye pakiti "majani ya mujaaja". Ukiandika "inatibu" chochote, hiyo sasa ni dawa, na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, watataka kukuona.

DaktariMifugo_Tororo:
Majirani zako wote wawili wanaweza kuwa wakweli, maana jina kayukiyuki linabeba mimea miwili. Kabla hujamjibu yeyote, kaangalie mambo matatu.

Shina: pitisha kidole kutoka juu kwenda chini. Ukikutana na vimiiba vidogo vilivyojikunja, na shina lina pembe nne, ni Lantana camara, ule uliokuja na wageni kama ua la bustani. Ule mwingine, Lantana trifolia, una vinyweleo laini.

Majani: camara hutoa mawili mawili kwenye kifundo. Trifolia hutoa matatu matatu. Usiangalie kifundo kimoja, angalia matano.

Maua na matunda: camara hubadilisha rangi kwenye kichwa kimoja, katikati njano, pembeni chungwa, nyekundu au waridi, na tunda linatoka kijani kwenda jeusi. Trifolia ua ni la zambarau iliyopauka na matunda ya zambarau yamejipanga kwenye kishikio kirefu kama bunzi dogo.

(Kamunye pia wakati mwingine hutoa majani matatu matatu, msichanganye. Tunda lake la rangi ya chungwa ndilo la kuamulia.)

Ikiwa ni camara, mwenye ng'ombe ana haki. Majani yana sumu iitwayo lantadini inayoshambulia ini. Nyongo inaziba, na mabaki ya kijani cha majani ambayo kwa kawaida hutolewa na ini yanabaki kwenye damu. Yakifika kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua: puani, masikioni, kwenye kiwele, na pote penye manyoya meupe. Ng'ombe mweusi anaweza kuonekana mzima wa ngozi huku ini limeshaharibika, macho yake ndiyo yatasema, yatakuwa ya njano. Kiasi cha asilimia 1 ya uzito wake kinatosha: ng'ombe wa kilo 250, kilo 2.5 za majani. Ng'ombe aliyezoea eneo kwa kawaida huukwepa kwa ukali wa harufu. Wanaoula ni waliotoka kununuliwa mnadani, na wote wakati wa kiangazi nyasi zikiisha.

Kwa Busia na Busoga kuna sababu ya pili, na mimi kwangu hii ndiyo kubwa. Mbung'o wa kwetu hupenda vichaka vya camara. Mlipuko wa malale ulioanza Busoga 1976 ulishika kasi kwa sababu mashamba ya kahawa na pamba yalitelekezwa, camara ikayameza mpaka karibu na nyumba, na mbung'o wakahamia humo. Kichaka kimoja cha ua hakileti malale. Uzio mzima wa mita 30 usiopogolewa, karibu na mifugo, ni nyumba ya kupangisha bure.

Kung'oa: usikate tu, utachipua mara tatu zaidi. Subiri udongo ulowe, chimba kuzunguka kisiki sentimita 30 na utoe na mizizi, vaa glavu. Matawi usiyatupe anapofika ng'ombe hata dakika moja, kwa sababu yakinyauka harufu inapungua na anayala kwa urahisi zaidi, sumu ikiwa palepale. Rundika ndani ya kiwanja, yakikauka choma upepo ukiwa unaenda mbali na nyumba. Rudi kila wiki 6 kung'oa miche, maana ndege wamekwisha kusambaza mbegu.

Na watoto wasile yale matunda ya kijani.

NesiZamu:
Niseme ya matumizi, kwa sababu kila mtu ameeleza kupanda na kukausha na hakuna aliyegusa kikombe.

Mujaaja wa chai: majani mabichi 5 au 6, au kijiko kimoja cha chai cha makavu, kwa kikombe cha mililita 250. Chemsha maji peke yake, epua, tia majani, FUNIKA dakika 10. Sufuria ikiachwa wazi mafuta yanapanda na mvuke na unakunywa maji ya kijani. Ukifunua, yale matone yaliyoshika kwenye kifuniko yarudishe ndani. Vikombe viwili kwa siku vinatosha kwa mafua au tumbo kujaa gesi. Wanaopika majani pamoja na maziwa nusu saa kwenye sigiri wanapata ladha nzuri, lakini wasiniambie ni dawa.

Mujaaja wenyewe hauko wa aina moja. Ukisugua jani likanuka karafuu, mafuta yake yana eugenoli nyingi. Likinuka kama dawa ya kuchua kifua, ni thaimoli. Yote mawili ni Ocimum gratissimum. Eugenoli inapunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au anayesubiri upasuaji, aache. Anayetumia dawa za sukari asigeuze chai hii kuwa ya kila siku bila kumwambia daktari wake. Mjamzito akitia majani mawili kwenye chai ya kawaida kwa ladha hakuna tatizo, lakini mchemsho mzito wa vikombe vingi hapana.

Kyewamala tumia kwa kujifukiza. Kunywa sishauri: ni mchungu, una nguvu, na kila nyumba inapima kwa konzi yake. Konzi moja ya majani mabichi yaliyopondwa kidogo kwenye beseni, maji lita moja na nusu yaliyochemka kisha yakapoa dakika 2, beseni liwe mezani na siyo mapajani, shuka kichwani, macho yafumbwe, dakika 5 hadi 10. Kinachofanya kazi ni mvuke na harufu kufungua pua. Mtoto mdogo usimwingize chini ya shuka. Tunachokiona ni beseni kumwagika na mtoto kuungua tumbo na mapaja, kwa ajili ya mafua ambayo yangepita yenyewe. Pumu nayo hapana, harufu kali inaweza kubana kifua zaidi.

Kwa kuwa kyewamala na mujaaja huingia pia kwenye maji ya kuogeshea watoto, yaani kyogero: maji yawe yamechujwa kwa kitambaa, yawe vuguvugu, yasiingie mdomoni. Mtoto chini ya miezi 6 ananyonya tu.

Kayukiyuki, wowote ule, msiunywe. Kwa kikohozi mujaaja na asali vinatosha (asali si kwa mtoto chini ya mwaka). Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe TB, kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali.

Homa ni habari nyingine. Watu wengi wakisikia "kyewamala" wanafikiria malaria. Homa ipimwe siku ileile, VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) au kituo cha afya wana kipimo cha tone la damu, na kikionyesha malaria meza dawa mseto mpaka dozi iishe. Mtoto anayetapika kila kitu, anayeshtuka mwili, au aliyelegea hanyonyi, hapitii kwenye beseni, anakwenda moja kwa moja. Na msijazie pengo la uzio kwa artemisia mkidhani chai yake ni dawa mseto. WHO hawaikubali kwa malaria: kiasi cha dawa kwenye majani kinabadilika, kipimo hakifiki, na vimelea vinajifunza.

Mwanabombo:
Nyongeza mbili.

Wasomaji wa pwani, huu mujaaja ni ndugu mkubwa wa mrehani na kivumbasi, ila wenyewe ni kichaka chenye shina gumu, unaishi miaka. Mbegu ni ndogo kama vumbi la ugoro. Zikifunikwa kwa udongo mzito hazioti, zinataka mwanga: nyunyiza juu, bonyeza kwa kiganja, funika kwa nyasi chache, maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Siku 7 hadi 14.

Kuhusu mbu, banange, kichaka kilichosimama kimya hakifukuzi mtu. Harufu imefungwa kwenye vile vitone alivyoeleza KaukaPole mpaka jani liguswe au lipate joto. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya kwa mimea hai ya jamii ya kivumbasi na camara iliyowekwa kwenye vyungu ndani ya nyumba yalipunguza mbu kwa kama theluthi. Theluthi mbili bado wanakula chakula cha usiku. Majani juu ya makaa hufanya vizuri zaidi, lakini ni moshi, na chumba chenye mtoto na moshi ni kubadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Fukiza jioni nje ya mlango, lala ndani ya chandarua.

Na kuna kichaka mtu atakuja kukushauri kwa sababu ya harufu yake ya usiku: kile chenye maua makubwa meupe au ya njano yanayoning'inia kama tarumbeta, Brugmansia. Usipande kwenye uzio wa kuvuna. Kila sehemu yake ni sumu. Mtu akinywa majani yake, mdomo unakauka, mboni zinapanuka, moyo unakwenda mbio na anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Jani likichanganyika na mujaaja kwenye kikapu, utaligundua umechelewa.

UzioBusia:
Asanteni sana. Nimekwenda kuangalia na tochi: vimiiba vipo, majani mawili mawili vifundo vyote vitano, ua njano na waridi. Ni camara. Na zile kavera 9, kweli, saba kati yake zimepasuka chini.

Swali moja la haraka kwa daktari: matawi ya upande wa jirani yameliwa, nimeona vikonyo vitupu. Ana ng'ombe wawili, mmoja wa zamani na mmoja kamleta wiki hii. Nimwambie aangalie nini?

DaktariMifugo_Tororo:
Mwambie usiku huu huu, usingoje asubuhi. Amwangalie yule mgeni.

Ishara za kwanza huja ndani ya siku moja au mbili: anaacha kula, hacheui, kinyesi kinakuwa kigumu na kichache, anatafuta kivuli. Tumbo linasimama, na hapo ndipo hatari, kwa sababu majani yanabaki tumboni yanaendelea kutoa sumu siku baada ya siku hata kama hajala mengine. Ndiyo maana hatusemi "tusubiri itoke".

Leo: amfunge mbali na mpaka, kesho alfajiri awe ndani ya banda lenye kivuli kamili kabla jua halijatoka, maji mengi, nyasi alizozoea kutoka alikonunuliwa kama anaweza kuzipata. Amwite daktari wa mifugo wa kata na amtajie camara kwa jina, ili aje na mkaa wa dawa. Dozi ni gramu 5 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 250 ni kilo 1 na robo, ukikorogwa kwenye maji yenye chumvi za mwili na kupitishwa kwa mpira mpaka tumboni. Mkaa wa sigiri uliotwangwa si huo. Na asimnyweshe kwa chupa kwa nguvu, ng'ombe aliyelegea anavuta maji mapafuni.

Akiwa anacheua vizuri na macho ni meupe mpaka keshokutwa, pengine aliyekula ni mbuzi wa mtu. Hata hivyo kivuli kibaki siku zote hizo.

Kitalu_Jinja:
Na wewe UzioBusia, ukishang'oa kisiki, shimo hilo liache wazi wiki mbili uone vipande vya mizizi vinavyochipua, uvitoe, ndipo utie kamunye. Mche wa 41 uutunze kwa ajili ya hapo.